Video darasani: nani alishika kamera siku ile?

Uliza watu hapa Lubumbashi Lumumba alisema nini mbele ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Hautakosa mwenye kukujibu ati alisema: sisi si makaku yenu tena. Neno hilo linazunguka ndani ya taxi-bus, kwenye misiba, hata shuleni. Lakini hotuba ile ilirekodiwa, sauti iko mpaka leo, na ukiisikiliza toka mwanzo mpaka mwisho hautakuta makaku hata mara moja. Utakuta kazi ngumu kwa mshahara usiotosha, matusi, mapigo, ardhi iliyonyanganywa kwa sheria, na watu waliotupwa gerezani. Mambo mazito kuliko yale ambayo watu wamemtilia mdomoni.

Hapo njo faida ya kwanza ya kuleta video na sauti katika somo la historia: ubishi unakatwa mbele ya wote. Mwalimu hana lazima ya kusema "niaminini mimi". Anabonyeza, darasa linasikia.

Katika shule nyingi za kwetu, historia ni ubao, chaki na kaye. Mwalimu anaandika, wanafunzi wananakili, siku ya interogasyo wanarudisha vile vile. Mtoto anajua tarehe ya uhuru lakini hajaona hata siku moja sura ya Kasa-Vubu akitembea. Elimu ya uraia nayo ni vile: vipengele vya Katiba ya 2006 vinakaririwa kama sala, na mwanafunzi hajui mutu akikosewa haki anaenda kugonga mlango gani.

Kwa kubadilisha hiyo, hakuna haja ya kungojea chumba cha kompyuta. Telefone moja, karti memori na bafle ndogo ya kushargia vinatosha kuanza. Video ipakuliwe mbele, nyumbani, siku ambayo kuna mega na umeme wa SNEL haujakatika. Mwenye kutegemea intaneti saa ya somo atamaliza saa nzima akinyoosha mkono wake dirishani akitafuta rezo. Katika darasa la watoto 60, kioo cha telefone hakiwezi kuonekana na wote. Sauti ya bafle iende kwa wote, kisha watazame kwa makundi ya watu 8 ao 10, wakati wengine wanaandika.

Dakika 3 zinatosha. Video ya saa nzima, kwa joto la saa sita, ni usingizi. Na maswali yatangulie picha: nani anasema, nani anapiga mikono, nani amekunja uso? Kisha mwalimu asimamishe, aeleze kwa Kiswahili ile Kifaransa nzito ya 1960, arudishe tena.

Ila kuna mtego, na ni mkubwa kuliko shida ya umeme. Vipande vingi vinavyotembea kwenye WhatsApp na jina "kifo cha Lumumba" vinatoka kwenye filme ya kuigiza. Mnamo 2000, Raoul Peck, mtengeneza filme wa Haiti ambaye sehemu ya utoto wake aliipitisha Kinshasa, alitoa filme *Lumumba*. Mwenye kuonekana pale ni Eriq Ebouaney, mwigizaji kutoka Ufaransa, na sehemu kubwa ilipigwa Zimbabwe na Msumbiji. Ni kazi nzuri, na kuionyesha si kosa. Kosa ni kuwaacha watoto waende nyumbani wakijua kwamba wameona usiku wa tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, wakati Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walipopigwa risasi porini hapa Katanga. Filme ya kweli ya usiku ule haijulikani kuwako. Serkali ya Katanga ilingoja mpaka tarehe 13 mwezi wa pili kwa kutangaza kifo chao, tena ilisema walitoroka wakauawa na wanakijiji. Uongo mtupu.

Picha za kweli zilizopo ni za mbele kidogo: mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili 1960, Lumumba anashushwa kwenye ndege Léopoldville akiwa amefungwa kamba, anapandishwa kwenye kamio, askari wanamfanyia fujo. Na za nyuma sana: mwezi wa sita 2022, Ubelgiji inarudisha jino lake, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, na jeneza linazungushwa inchini, likapita mpaka Shilatembo, kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30. Mwalimu akiweka vipande hivi vitatu pembeni, cha 1960, cha filme ya Peck na cha 2022, anaweza kuuliza darasa: kipi ni ushuhuda, kipi ni mchezo, na tunajuaje? Somo hilo linamlinda mtoto hata mbele ya video za leo zinazotengenezwa na mashine, zenye kumpa marehemu maneno ambayo hakusema.

Swali linalofuata ni lile la kichwa cha habari hii. Filme nyingi za miaka ya ukoloni na ya uhuru zilipigwa na wageni, kwa watu wa kwao. Sauti inayoeleza picha ni ya Mbelgiji, Mwingereza ao Mfaransa, na yeye njo anaamua nani aitwe shujaa na nani aitwe muasi. Kuna zoezi rahisi: onyesha kipande bila sauti, uache wanafunzi waseme wanachoona, kisha urudishe sauti. Mara nyingi watashangaa. Picha inaonyesha watu wamebeba mizigo, sauti inasema maendeleo.

Hapa Katanga zoezi hilo linaomba busara zaidi. Mutu hawezi kufundisha 1960 bila kufika tarehe 11 mwezi wa saba, siku Moïse Tshombe alipotangaza Katanga kuwa inchi ya peke yake, jambo lililokwisha mwezi wa kwanza 1963. Katika darasa moja kunakaa mtoto ambaye nkambo wake alishangilia bendera ile yenye misalaba, na mwingine ambaye nkambo wake alikimbilia kambi ya Wabaluba Elisabethville. Kunakaa pia watoto wa familia za Kasai zilizofukuzwa Katanga miaka ya 1992 na 1993. Video inayowekwa bila kutayarisha watu inaweza kuendelea kupigana kwenye uwanja wa mapumziko. Afazali mwalimu aitazame kwanza mwenyewe mara mbili, amweleze prefe, na achague kipande kinachoonyesha mateso ya pande zote. Kunyamaza siyo dawa, juu watoto watazikuta video zile zile kwenye telefone, na huko hakuna mwalimu.

Kwa upande wa uraia, kuna filme moja ambayo walimu wangeitumia zaidi: *En route pour le milliard*, ya Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani. Kamera iko mikononi mwa Mkongomani. Anawafuata watu waliopoteza miguu na mikono katika vita vya siku sita, mwezi wa sita 2000, wakati majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya muji wa Kisangani. Wanapanda mashua, wanashuka mto mpaka Kinshasa kudai malipo, wanasimama na magongo yao mbele ya Bunge. Filme ilitoka 2020. Tarehe 9 mwezi wa pili 2022, Mahakama ya Kimataifa ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo milioni 325 za dola kwa ajili ya vita vya miaka ile.

Kwa dakika 5 za mashua ile, mwanafunzi anaelewa neno "kudai haki" kuliko kwa kurasa mbili za kukariri. Kisha kazi ya nyumbani: andika barua kwa burgumestre juu ya mufereji ulioziba mbele ya shule. Nani atatia saini, itapelekwa wapi, na wakikosa jibu watafanya nini?

Na shule isiyo na telefone nzuri? Ibaki na sauti. Hotuba ya 1960 haiombi kioo, na redio ya mtaa inaweza kuipitisha saa ambayo mwalimu amechagua, darasa likae kimya na lisikie.