Sifilisi: kidonda kikikauka, ugonjwa ungali ndani

Hausikii maumivu, hauna kidonda, basi unajisema: niko muzima, nipime nini? Lakini sifilisi, ao kaswende, inajificha. Inaanza na kidonda kisichouma, pengine ndani ya uke, mahali mutu haoni. Kisha wiki 3 mpaka 6 kinakauka chenyewe bila dawa. Ugonjwa unabaki mwilini, hata miaka mingi. Mama mwenye mimba anaweza kuambukiza mutoto, ao mimba ikatoka.

Kwa hiyo ukilala na mutu bila kondomu, pima, hata bila alama. Kipimo cha haraka kinaomba tone la damu ya kidole, na jibu linatoka siku ileile. Sindano ya penisilini inaponyesha. Na mwenzako atibiwe pia, la sivyo mutaambukizana tena.