Bwawa la Mvua Mtelemkoni: Maji Huenda Wapi?

Watu wengi huchimba bwawa la kupokea maji ya mvua ili yanywee ardhini. Katika makala haya tutaeleza kwa nini bwawa linalofaa Newala laweza kuleta madhara Masasi.

Newala ipo juu ya uwanda wa Makonde. Ardhi yake ni ya kichanga, na maji ya chini yako mbali. Mvua huzama, kisha hutokea kandokando ya uwanda, kama kwenye chemchemi za Mbwinji zinazohudumia Masasi na Nachingwea. Masasi yenyewe iko chini, penye milima ya mawe. Huko mara nyingi udongo ni wa kina kifupi juu ya mwamba, na wakati wa mvua maji ya ardhini huwa karibu.

Tuchukue mfano. Bwawa lina urefu wa mita 10 kukingama mtelemko, upana mita 6 na kina mita 1. Hizo ni mita za ujazo 60, yaani lita 60,000. Tumejaza maji kwenye tundu la majaribio, nayo yakapungua sentimita 10 kwa saa. Pasipo kizuizi, bwawa litakauka kwa saa 10.

Lakini kama chini tayari kumejaa maji, bwawa halina pa kushukia. Maji hwenda upande, yakifuata mtelemko. Mwaka 1856 mhandisi Mfaransa, Henry Darcy, alieleza kanuni yake: zidisha kasi ya udongo kupitisha maji, mtelemko, na eneo la njia.

Kasi: sentimita 10 kwa saa ni mita 2.4 kwa siku.
Mtelemko: mita 1 kwa kila mita 10, yaani 0.1.
Njia: upana mita 10, unene wa udongo mita 1, yaani mita 10 za mraba.

2.4 × 0.1 × 10 = mita za ujazo 2.4 kwa siku. Gawa 60 kwa 2.4: siku 25!

Haya ni makadirio tu, lakini yanatosha kututahadharisha. Mbu huweza kukua kutoka yai hadi kuruka katika wiki moja au mbili. Tena maji hayo huibukia kwa jirani wa chini, yakajaza choo chake cha shimo na kuchafua kisima chake.

Basi kabla ya kuchimba, tupime kina cha maji ya ardhini katikati ya msimu wa mvua, si kiangazi. Yakiwa karibu, tujenge tangi la kuhifadhi maji, au tuchimbe mtaro wa kuyapeleka bondeni salama. Jirani ana haki yake.