Bangi: Kifurushi kimoja, lori zima hatarini

MALABA – Kwa msafirishaji wa Malaba na Busia, bangi si magendo ya kawaida kama sukari. Sheria inabana pande zote mbili.

Kenya, kupanda ni kosa, hata kama ni mche mmoja kwenye debe nyuma ya nyumba na haujatoa maua. Tangu marekebisho ya 2022, anayepatikana na bangi ya kuvuta mwenyewe hukabiliwa na faini isiyozidi Sh100,000 au kifungo kisichozidi miaka 5. Ulanguzi wa zaidi ya gramu 100 ni faini kuanzia Sh milioni 50 au miaka 50 jela. Gari lililobeba laweza kutaifishwa.

Uganda, Mahakama ya Katiba ilibatilisha sheria ya 2015 mwezi Mei 2023, kwa kuwa ilipitishwa bila akidi bungeni. Pengo halikudumu: Bunge lilipitisha sheria nyingine mwaka huohuo. Kilimo cha tiba kinahitaji leseni, na leseni hiyo haivuki mpaka.

Dereva, usipokee kifurushi cha njiani usichokijua. Kagua lakiri na uhesabu mizigo kabla ya kuingia foleni.