Mpagazi, Usidharau Kikohozi cha Mlimani

Wapagazi wengi wa Mlima Kilimanjaro wamezaliwa chini ya mlima huo huo. Kwa hiyo husema, "Sisi mlima tumeuzoea." Ndugu, vijiji vyetu viko chini sana. Kibanda cha Kibo kiko karibu mita 4,700 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi. Katika kila pumzi unapata oksijeni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya pwani.

Mtu akipanda haraka, mishipa ya damu ndani ya mapafu hujikaza. Damu husukumwa kwa nguvu, na majimaji yake huvuja na kuingia mahali pa hewa. Basi mtu anazama, naye yuko nchi kavu! Mzigo mzito na baridi huzidisha hatari. Mwenye mafua au kifua asipande.

Kwanza anachoka kuliko wenzake. Halafu anakohoa kikohozi kikavu, kisha anahema hata akiwa amekaa. Midomo ikigeuka rangi, au akitema povu lenye damu, anaweza kufa kwa saa chache.

Wengi huficha hali hii kwa kuogopa kukosa ujira. Usifiche, mwambie kiongozi mapema. Chai ya tangawizi haiondoi maji mapafuni. Mgonjwa apewe oksijeni kama ipo, na ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku. Asijikaze kutembea, abebwe. Kutoka Kibo hadi Horombo ni kushuka karibu mita 1,000, na mara nyingi hapo pumzi huanza kurudi.