Askari Yumo Wapi Katika Kitabu?

Tulipowasili Lobule jua lilikuwa limekwisha kupungua ukali, na askari waliotoka zamu walikuwa wameketi chini ya mwembe, wengine wakisafisha buti, wengine wakingoja chai. Ndugu wasomaji waliowahi kulinda mpaka wanazijua jioni za namna hiyo. Lobule ni kaunti ndogo ya wilaya ya Koboko, ambayo hadi mwaka 2005 ilikuwa sehemu ya Arua. Kongo iko karibu mno, hata anayetoka upande ule na anayetoka upande huu huweza kusalimiana kwa Kikakwa kimoja, na Kiswahili hushika kazi pale lugha nyingine zinapokwama. Tulikwenda kuzungumza na askari juu ya uhusiano mwema baina yao na raia, pamoja na wakimbizi wa Kikongo ambao Lobule imewapokea tangu mwaka 2013. Mazungumzo hayo, hata hivyo, yalitekwa na kitabu.

Kitabu chenyewe kilikuwa Shamba la Wanyama, yaani tafsiri aliyoifanya Fortunatus Kawegere mwaka 1967 ya hadithi ya Mwingereza George Orwell iliyotoka mwaka 1945. Nakala ilikuwa imechakaa kwa kupitia mikono mingi. Koplo mmoja kijana, aliyekuwa amekisoma mara mbili, alisimama kwa heshima akauliza: "Afande, humu farasi ni mfanyakazi, kondoo ni watu wanaoimba lolote wanalofundishwa, na nguruwe ndio wakubwa. Sisi askari tumo wapi?"

Baadhi ya wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, kwani jibu tulilijua, na halikuwa jibu la kupendeza. Askari wamo. Ni wale mbwa tisa.

Kwa ajili ya wale ambao hawajakisoma, tueleze kwa ufupi. Wanyama wanamfukuza bwana shamba ili wajitawale. Punde nguruwe mmoja anawatwaa watoto tisa wa mbwa, waliokwisha kuachishwa ziwa, anawalea faraghani mahali ambapo hapana anayewaona. Siku wanapotokea mbele ya mkutano wamekuwa majitu, nao wanamtimua mbali mpinzani wa bwana wao. Tangu hapo mnyama anayethubutu kubisha hunyamazishwa. Jambo tulilomwonyesha yule koplo ni hili: farasi ana jina, punda ana jina, hata farasi jike apendaye utepe na sukari ana jina. Mbwa wale tisa hawana. Wala hakuna hata mmoja wao anayetamka neno tangu mwanzo hadi mwisho. Wananguruma tu.

Mtu anaweza kudhani kwamba Orwell aliandika hivyo kwa kuwadharau watu wa silaha. La, hasha. Yeye mwenyewe alikuwa afisa wa polisi ya kikoloni huko Burma tangu mwaka 1922 hadi mwaka 1927, kisha akajiuzulu. Mwaka 1936 alitoa simulizi juu ya tembo wa kazi aliyepandwa na wazimu katika mji wa Moulmein, akamwua kibarua mmoja. Afisa anaitwa, anaagiza bunduki kubwa, anakwenda. Anapofika, tembo amekwisha kutulia, anakula majani shambani kama ng'ombe. Hapana tena sababu ya kumpiga risasi, naye afisa anajua hivyo. Lakini nyuma yake wamesimama watu zaidi ya elfu mbili wanaotazama bunduki ile. Anafyatua, na sababu aliyoikiri mwenyewe ni kwamba hakutaka kuonekana mjinga. Wako wanaobishana kama kisa hicho kilimtokea kweli. Kwetu sisi ubishi huo hauna uzito, kwa maana hapana polisi aliyewahi kusimama mbele ya umati, bunduki mkononi, asiyeufahamu ukweli wake. Mwenye silaha alikuwa mtumwa wa wasiokuwa na silaha.

Hapo sajini mmoja, mtu wa makamo, mzito wa maneno, aliomba nafasi. "Afande, haya ni mazuri kwa wasomi. Lakini kila koplo akianza kufikiri lake, doria itatembea?"

Swali lilikuwa la haki. Sisi tuliopitia shule ya kadeti tulifundishwa kutii kabla ya kufundishwa kuamuru, wala hatujuti. Tena fasihi yetu wenyewe inamuunga mkono sajini. Katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1974, kijana msomi Kazimoto anajitenga na watu wake, na imani yao, na mila zao, asipate cha kushika badala yake, na mwisho anajiua. Askari aliyejitenga na kikosi porini hahitaji kusoma riwaya ili aujue mwisho huo.

Lakini upande wa pili una kaburi lake pia, na kwa watu wa Arua na Koboko kaburi hilo haliko vitabuni. Baada ya utawala wa Idi Amin kuanguka mwaka 1979, watu wa West Nile walihesabiwa kuwa kitu kimoja na mtu mmoja, kwa sababu tu asili yake ilikuwa Koboko. Mkulima wa tumbaku, mwalimu, mama mwenye mtoto mgongoni, wote wakawa "wao". Mwezi wa Juni mwaka 1981 askari wa jeshi la wakati ule, UNLA, waliwashambulia raia waliokimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, wakawaua wengi. Maelfu kwa maelfu wa mkoa huu walivuka kwenda Zaire na Sudani. Hivyo basi, mzee wa Lobule anayemkatia Mkongo kipande cha shamba leo, huenda yeye mwenyewe alilala katika shamba la Mkongo wakati ule.

Tulimwuliza sajini: pale Ombaci, je, utii ulipungua au ulizidi? Hakujibu upesi. Kisha alisema, "Hakukuwa na mtu wa kusema." Nasi hatukuwa na la kuongeza.

Mrusi Yevgeny Zamyatin, aliyekuwa mhandisi wa meli, aliandika yapata mwaka 1920 riwaya iitwayo Sisi, ambayo nchi yake haikuichapa hadi mwaka 1988. Humo watu hawana majina bali namba, nyumba zao ni za kioo, na hutembea wanne wanne kwa hatua moja. Kuruta akiisoma atasema, hii ni kambi yetu! (Nasi tunaoandika safu hii kwa "sisi" tulijitazama kidogo.) Lakini namba ya jeshi hupewa mtu juu ya jina lake, si badala yake, na sheria ya kijeshi humwadhibu mtu kwa kukaidi amri iliyo halali. Neno hilo "halali" halikuwekwa kwa ajili ya kupamba sentensi. Huko Nuremberg, mwaka 1945 na 1946, wakubwa wa Ujerumani walijitetea kwamba walitekeleza amri, na mahakama haikuuona utetezi huo kuwa wa kuwaondolea hatia.

Basi mtu atii kama nani, ikiwa si kama mbwa? Mfano tulioupenda zaidi tuliutoa kwa Shaaban Robert, ambaye alikuwa karani wa serikali ya kikoloni alipochapisha Kusadikika mwaka 1951. Kusadikika ni nchi inayoelea hewani, na Karama anashtakiwa humo kwa kufundisha elimu ya sheria. Katika kujitetea hatukani wala hakimbii. Anasimulia habari za wajumbe sita walioondoka kwa ajili ya nchi yao, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakavumilia taabu za njia, wakarudi na taarifa ya yale waliyoyaona, na kila mmoja akatupwa gerezani kwa taarifa yake. Hao si waasi. Walitumwa wakaenda, na wakarudi. Kosa lao ni kwamba hawakuipunguza taarifa ili imfurahishe mkubwa.

"Hao ni watu wa doria," alisema koplo.

"Ni watu wa doria," sajini alikubali, na lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana jioni ile.

Chai ilikuja, gizani, tamu kupita kiasi kama chai ya jeshi ilivyo. Tulipokuwa tunaaga, sajini alinyosha mkono kuelekea kile kitabu kilichochakaa, akasema, "Lete hicho." Koplo alikitazama kitabu, akamtazama sajini, kisha akauliza kwa adabu kama hiyo ni amri au ni ombi.

"Ni ombi," alisema sajini.