Tafuna, Shika Maji, Tema: Jinsi Taya Linavyopimwa

Katika kliniki ya meno nchini Japani, mzee anapewa peremende laini, namna ya jeli, yenye uzito wa gramu 2. Anaambiwa aitafune kwa sekunde 20 bila kumeza. Kisha anashika mililita 10 za maji mdomoni na kutema vyote kwenye kikombe chenye chujio. Tone la maji yaliyochujika linapimwa kwa kijimashine, ndugu wa kile ambacho mgonjwa wa kisukari hupimia damu ya kidole. Peremende ile ina glukosi: ikisagika vizuri, sukari inatoka kwa wingi. Ikiwa chini ya miligramu 100 kwa desilita, daktari anaandika kwamba utafunaji umepungua.

Zamani watu walipima nguvu tu. Mtaliano Giovanni Alfonso Borelli, ambaye kitabu chake kuhusu mwendo wa viumbe kilitoka mwaka 1680 na 1681 akiwa tayari kaburini, alining'iniza mizigo kwa kamba iliyopitishwa juu ya magego ya chini, kisha akatazama taya litainua kiasi gani. Mwaka 1986, Richard Hofmann wa Florida, Marekani, aling'ata kipimo kwa sekunde mbili hivi kikasoma kilo 442, akaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Sisi wengine, tukibana kwa magego, tunafikia kilo 30 hadi 70 hivi. Meno ya mbele hayafui dafu hapo, kwa kuwa yako mbali na kiungo cha taya. Ni kama mkasi: kitu kigumu hukisogeza karibu na msumari wake, na ndiyo maana mfupa huupeleka nyuma bila hata kufikiri.

Lakini kubana si kutafuna. Anayetafuna hatumii nguvu zake zote. Ulimi na mashavu ndivyo vinavyorudisha tonge chini ya magego, na mate yanalilainisha. Mwenye meno ya bandia ya kuvaa na kuvua anajua zaidi: fizi humuuma kabla misuli haijachoka.

Mwaka 1950 watafiti Manly na Braley waliwapa watu karanga, wakawahesabia idadi ya kutafuna, wakapitisha mabaki kwenye chekeche. Hilo ni jaribio nilipendalo kuliko yote, maana karanga haina simile. Pengo likiwepo, vipande vinabaki vizima.

Japani ilianza mwaka 1989 kuwahimiza watu wake wafike miaka 80 wakiwa na meno 20, na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 ulionyesha zaidi ya nusu ya wenye umri huo wamefika. Hata hivyo kuhesabu meno hakukutosha. Tangu 2018, bima ya afya nchini humo inatambua udhaifu wa kinywa kama ugonjwa: vipimo ni 7, na ukianguka katika vitatu unahesabiwa mgonjwa.

Nadhani hapo wamepatia, kwa sababu mzee asiyeweza kutafuna halalamiki. Anahamia kwenye uji, anachovya mkate kwenye chai, nyama anamsogezea mjukuu, nasi tunasema babu ana huruma. Ukiona hivyo, mpeleke kwa daktari wa meno, hata kama hajasema jino linauma.