Muziki wa Ziwani: Upepo wa Winam Kama Mtunzi (Sehemu ya Pili)

Mwaka 1979 mtunzi wa Kanada, R. Murray Schafer, aliwatawanya wapiga tromboni 12 kando ya ziwa la porini, wakapiga alfajiri na machweo, na mwangwi ukawa sehemu ya utunzi. Ufuo wa Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria, kwa maoni yangu, una sababu kubwa zaidi ya kupigiwa muziki wa namna hiyo, nayo ni upepo. Nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, kwa hiyo usiku hadi alfajiri upepo huvuma kutoka Kisumu kwenda ziwani. Mchana, nchi ikishapata joto, hugeuka. Wavuvi wa mashua za tanga wameutumia mgeuko huo kutoka na kurudi. Sauti nayo ikifuata upepo hupindishwa chini ikafika mbali. Ikienda kinyume hupindishwa juu, ikampita msikilizaji. Basi alfajiri mpiga nyatiti, kinubi cha Waluo, akae ufuoni Dunga, karibu na Kisumu, na wasikilizaji wawe mashuani, jirani, kwani nyatiti si ala ya kishindo; alasiri wabadilishane.

Wapo watakaosema nyatiti ni ala ya jadi na haihitaji majaribio. Lakini mpigaji wake, mwenye nyuzi 8 mkononi, pete ya chuma kidoleni mwa mguu ikigonga ala na njuga zikilia, amezoea matanga, ambako wimbo hufuata waliohudhuria. Kuuhesabu upepo miongoni mwa waliohudhuria si kuikana jadi hiyo. Mwanamuziki KMRU wa Nairobi, katika kazi kama albamu ya Peel ya 2020, ameonyesha uzuri wa sauti za mazingira zilizorekodiwa. Ila rekodi haiwezi kubadilika upepo unapogeuka.

Pingamizi zito ni la ndege. Katika mafunjo ya Dunga yupo ndege mweusi mwenye kifua chekundu, ambaye dume na jike huimba kwa kupokezana, na hawezi kuishi mbali na mafunjo. Nyimbo hizo ni njia yao ya kuitana na kulinda eneo, hivyo kelele zetu zaweza kuwadhuru kweli. Ndiyo maana vipaza sauti visiwepo kabisa, sauti ya ndege isirekodiwe na kurudishiwa mwenyewe, na mpigaji anyamaze jozi inapoanza kuimba, hata ikimkatiza katikati ya wimbo. Mafunjo yakifyekwa kupisha jukwaa na jenereta, utunzi huu hauwezi kupigwa tena.